Mahari haijaisha, mtoto keshazaliwa: Aandikwe tawi gani la ukoo?

*Simiyu, kikao cha ukoo baada ya msiba ndicho kinachoamua nani ni mtoto wa nani. Wazazi ambao hawakuoana, au walioishia nusu ya mahari, wanakipa kikao hicho kazi ngumu.*

Matanga yakishavunjwa katika kaya ya Kisukuma na majirani wakishatawanyika, wenye ukoo hubaki. Viti vya plastiki husogezwa kivulini, kijana mwenye mwandiko unaosomeka hupewa kaunta buku, na juu ya ukurasa huandika: Muhtasari wa kikao cha ukoo. Hufuata tarehe, kijiji, kata na wilaya, iwe Itilima, Maswa, Meatu, Busega au hapa Bariadi. Kisha jina la marehemu, majina ya wake zake, na chini ya kila mke watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kulwa na Doto ambao ni pacha, Shija aliyewafuata, Kashinje aliyetanguliza miguu.

Kalamu hukwama kwenye jina la mtoto ambaye kila mtu anamfahamu na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumtaja. Alizaliwa Lamadi, enzi marehemu akisafirisha dagaa. Kwa mama yake hakikupelekwa hata kindama. Lakini kijana amefika msibani, ameshika jembe makaburini, na uso wake unamaliza ubishi kabla haujaanza.

Hiki si kisa cha kaya moja. Ni mfano wa jambo ambalo wazee wa koo nyingi za mkoa huu watakutajia bila kuvuta kumbukumbu, na maswali yake ni yaleyale. Aandikwe? Chini ya nyumba ipi? Na mama yake aitwe nani kwenye daftari: mke, mzazi mwenza, au asitajwe kabisa?

Daftari hilo si la kumbukumbu ya nyumbani tu. Ndilo linalobebwa pamoja na cheti cha kifo hadi Mahakama ya Mwanzo kuombea usimamizi wa mirathi. Mijini wapo wanaopakua programu za simu na kuchora matawi ya rangi wakati wa likizo. Huku mti wa ukoo huchorwa zaidi siku ya msiba, kwa haraka, na watu ambao kila mmoja ana chake anachokitazamia.

> Huku mti wa ukoo huchorwa zaidi siku ya msiba, kwa haraka, na watu ambao kila mmoja ana chake anachokitazamia.

Ndoa ya hatua kwa hatua

Ugumu unaanzia kwenye swali linaloonekana jepesi: hawa wameoana?

Kwa Wasukuma ndoa ya kimila haifungwi kwa siku moja. Kuna barua ya posa, kuna mshenga, kuna ng'ombe wanaohesabiwa zizini na wengine wanaobaki kuwa ahadi hadi pamba iuzwe. Bei ya pamba ikianguka au malipo yakichelewa, ahadi inasogezwa msimu mwingine. Binti keshahamia, mtoto wa kwanza anatambaa, wa pili yuko tumboni, na baba mkwe bado anadai mitamba miwili. Ukimuuliza mume, atasema ameoa. Ukimuuliza baba mkwe, atakwambia kuna kijana anaishi na binti yake.

Mjini Bariadi hali hiyo ina jina la mtaani: sogea tukae. Fundi pikipiki na muuza mitumba wanapanga chumba kimoja. Hakuna mshenga wala ng'ombe. Kuna godoro, kuna mtungi wa gesi, na baada ya mwaka kuna kadi ya kliniki. Serikali yenyewe inawatambua watu hawa kwa namna yake, maana dodoso la sensa lina nafasi ya "wanaoishi pamoja", mbali na ile ya waliooa au kuolewa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1 katika mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza.

Katika mkoa huohuo, upande wa Meatu kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe. Kwao mwanamume na mwanamke wakianza kulala kibanda kimoja na kambi ikawaona hivyo, basi ni mume na mke. Hakuna karamu ya harusi, hakuna hesabu ya mifugo ambayo hawaifugi, na mtoto ana ndugu sawasawa kwa baba na kwa mama. Mtu akienda kuwauliza namna ya kuwaandika "wenza wasiooana", itabidi kwanza awaeleze hao ni watu wa namna gani.

Shilingi 100 za mwaka 1963

Kanuni zinazotumika vikaoni hazikushuka kutoka kwa mababu moja kwa moja. Zilipitia mezani. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alizunguka Usukumani akiwahoji watemi na wazee, na mwaka 1953 kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma kikachapishwa. Miaka kumi baadaye mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zikaunganishwa na kutangazwa na serikali ya nchi huru: Tangazo la Serikali Na. 279 la 1963 kuhusu mahari, ndoa na hadhi ya watoto, na Na. 436 la mwaka huohuo kuhusu ulinzi wa watoto, urithi na wosia.

Humo hakuna maneno laini. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa upande wa mama. Baba akitaka kumhalalisha ana njia mbili: amuoe mama wa mtoto, wakati wowote ule, au, kama hataki kuoa, amlipe baba wa binti shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Bila hivyo, mtoto harithi upande wa baba, isipokuwa kwa wosia. Shilingi 100, ambayo wakati ule ilikuwa fedha ya kuuma, leo ni sarafu ya pipi.

Mtu akiuchora mti kwa kanuni hiyo, damu haionekani. Kinachoonekana ni malipo. Watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuangukia koo mbili, mmoja aliyezaliwa kabla ya ng'ombe na mwingine baada yao.

Halafu Bunge likatunga sheria nyingine juu ya jambo lilelile. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawachukulia kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana. Ni dhana tu. Anayepinga anaruhusiwa kuleta ushahidi. Tena haimfai mwanamume mwenye ndoa hai ya mke mmoja ya kanisani, kwa kuwa huyo hana nafasi ya kuoa mke mwingine. Lakini hata dhana ikivunjwa, mwanamke hatoki mikono mitupu: katika shauri lililoripotiwa mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilisema korti bado ina uwezo wa kutoa amri kuhusu mali waliyochuma pamoja, kama inavyofanya ndoa inapovunjwa.

Ikaja Sheria ya Mtoto ya 2009. Hiyo inakataza kumbagua mtoto, inampa haki ya jina na ya kuwajua wazazi wake wa damu, na inakataza kumnyima matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Inataja pia mambo yanayoweza kuthibitisha uzazi: jina la mzazi kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, baba kumtambua mtoto hadharani, na majibu ya vinasaba.

Tazama orodha hiyo: hakuna ulazima wa ng'ombe kukamilika. Baba aliyempa mtoto jina la babu yake mbele ya wazee tayari ameacha ushahidi.

Hivyo hakimu wa Bariadi ana vitabu viwili mezani vinavyovutana, na karani wa kikao cha ukoo ana kimoja tu kichwani, kile cha 1963. Kanuni hizo zimekwishalalamikiwa mbali. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walizipinga Mahakama Kuu upande wa urithi wa wanawake. Mwaka 2006 mahakama ilikiri zina ubaguzi lakini haikuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki. Kilio chao kilikuwa cha wajane. Mtoto wa nje ya ndoa yumo kwenye karatasi zilezile.

Kenya walilitatua kwa njia ya mkato. Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alibatilisha kifungu cha sheria ya usajili kilichozuia jina la baba asiyemuoa mama kuandikwa mpaka wote wawili waombe kwa pamoja. Alisema kinambagua mtoto kwa jambo ambalo hakulifanya yeye.

Watemi walihesabu kwa mama

Wazee wengi watakwambia Msukuma hufuata ukoo wa baba tangu dunia iumbwe. Kwa watu wa kawaida, sawa. Kwa watemi, hapana.

Katika tawala nyingi za kitemi za Usukuma, kabla ya mageuzi ya wakati wa ukoloni, mtemi hakurithiwa na mwanawe. Alirithiwa na mtoto wa dada yake. Sababu haihitaji shahada: nani alimzaa mtoto huonekana na wakunga, nani alimpa mimba husemwa. Kiti kikubwa kuliko vyote kilikabidhiwa kwa njia isiyo na shaka. Kwa hiyo ukitaka kuandika nasaba ya utemi wa zamani, wa Ntuzu hapa Bariadi au wa jirani zake, huwezi kuanza na akina baba peke yao. Lazima uwajue akina dada.

Nalitaja kwa sababu hoja ya "mila yetu hairuhusu" hutolewa upesi mno. Mila ilikuwa na njia zaidi ya moja ya kumweka mtoto mahali pake. Iliyobaki vinywani ni ile iliyopigwa chapa.

> Mila ilikuwa na njia zaidi ya moja ya kumweka mtoto mahali pake. Iliyobaki vinywani ni ile iliyopigwa chapa.

Hofu za kila upande

Pamoja na hayo, wanaokataa kuandika si watu wabaya, na hofu zao zisipuuzwe.

Mzee wa ukoo anaogopa ardhi. Kwake kuandikwa ni kugawiwa. Jina likishaingia kwenye muhtasari na muhtasari ukafika kortini, shamba la pamba litakatwa kipande kingine. Mifugo ni mingi, vijana ni wengi, na upande wa mashariki kuna Pori la Akiba la Maswa na Serengeti ambako hakuna wa kukupimia eka.

Mke wa ndoa ana hofu yake, na si wivu kama wanaume wanavyopenda kusema. Chini ya kanuni za 1963 mgawanyo unakwenda kwa madaraja: mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza ndiye wa daraja la juu, wana wengine wa kiume wanafuata, mabinti wanashika mkia. Mtoto wa Lamadi akiwa mkubwa kwa umri kuliko wote, je, atampiku mwanawe? Ameipalilia pamba ile miaka 20. Ana haki ya kuuliza.

Mama wa mtoto naye mara nyingine ndiye asiyetaka. Ameolewa kwingine, mume wa sasa amemlea mtoto kama wake, na jina la mtu wa zamani kwenye karatasi litaamsha yaliyolala. Na kuna jambo ambalo wazazi wa binti wamelizoea mno: mwanamume aliyekimbia mimba, hakuleta hata kanga, anatokea baada ya miaka 18 siku ambayo binti anaposwa, akitaka kusimama zizini kupokea ng'ombe. Bibi na babu waliolea wanaona kumwandika mtu huyo kama baba ni kumfungulia lango.

Mtoto mwenyewe haitwi kikaoni. Ila ndiye anayelipa. Cheti chake cha kuzaliwa ndicho kitakachohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, akiomba mkopo wa elimu ya juu, na jina la baba lililo tofauti na la vyeti vya shule ni safari za kwenda na kurudi kwa mwanasheria. Kanda ya Ziwa ina selimundu kwa wingi. Daktari wa hospitali ya Bugando atamuuliza habari za kwa baba, naye atatazama chini. Na Wasukuma wanakataza kuoana ndugu. Ukoo usiowaandika watoto wake wa Lamadi, Nyashimo na Mwanhuzi utawalindaje wasichumbiane?

Mstari wa ndoa na mstari wa damu

Waliofanya kazi ya kuchora nasaba walikutana na tatizo hili zamani. W.H.R. Rivers, Mwingereza aliyechapisha njia yake ya kukusanya nasaba mwaka 1910, alianza kwa kumuuliza mtu baba na mama waliomzaa hasa, kwa kuwa "baba" kwa watu wengi ni pamoja na baba mdogo na baba mkubwa. Wataalamu wa familia wa Marekani, Monica McGoldrick na Randy Gerson, katika kitabu chao cha 1985, waliwaunganisha wanandoa kwa mstari mzima na wanaoishi bila ndoa kwa mstari wa vipande. Programu ya bure ya Gramps ina chaguo la wenza wasiooana. Mfumo wa GEDCOM, uliotolewa mwaka 1984 na ambao programu nyingi huutumia kubadilishana nasaba, unaweza kuweka baba, mama na watoto katika kundi moja bila kutaja harusi yoyote.

Wazo lililo chini ya yote hayo ni moja, na ndilo ninalolitetea: ndoa ni tukio, uzazi ni tukio, na kila moja lina mstari wake. Mtoto asining'inie kwenye mstari wa ndoa ya wazazi. Atoke kwa mama, atoke kwa baba, kisha kati ya wazazi hao iandikwe kilichokuwepo kweli: posa ilipokelewa mwaka fulani, ng'ombe wanne kati ya kumi, waliishi Bariadi mjini hadi mwaka fulani, hawakuishi pamoja. Ukiandika "mke" mahali ambapo hakuna ndoa ili kuficha aibu, umemdanganya mjukuu na umemchokoza mke mwenye cheti. Ukimfuta mama wa mtoto, umeacha mtoto aliyezaliwa na mtu mmoja.

Kuandika huko hakugawi shamba. Hapa ndipo wazee na mimi tunaweza kukutana. Muhtasari wa kortini unaorodhesha warithi. Mti wa ukoo unaorodhesha watu. Yawe madaftari mawili. La kwanza lijazwe na wanaobishana, mbele ya hakimu. La pili lijazwe kabla ya msiba, bibi na shangazi wakiwa hai, kwa kuandika pia nani alisema na lini. Na lisirushwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mke wa mtu asije akajifunza historia ya mumewe kutoka kwa shemeji aliyeko Dar es Salaam.

Kanisa Katoliki lina utaratibu ambao koo zingeweza kuuiga bila kubatizwa. Sheria yake ya 1983, kanuni ya 877, inasema jina la mama asiyeolewa liandikwe kwenye rejista ya ubatizo kama umama wake unajulikana hadharani au akiomba mwenyewe. La baba liandikwe kama kuna hati ya serikali, au yeye mwenyewe atamke mbele ya paroko na mashahidi wawili. Hakuna anayeandikwa baba kwa uvumi. Kwa waliokwama kwenye ubishi kuna vinasaba, ingawa huwezi kwenda na mswaki wa mtoto kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kama unavyokwenda kupima malaria. Ombi hupitia kwa mwenye mamlaka kisheria, kama mahakama au ofisa ustawi wa jamii.

Jina linalofichwa kwa makusudi

Imebaki hali moja ambayo michoro ya Marekani haina alama yake.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30. Nia ni njema. Lakini sheria ikifika kijijini hukutana na wazazi wa pande mbili wanaojuana, wenye ng'ombe na wasiotaka kijana aende jela. Mambo yanamalizwa usiku. Siku ya kliniki, mama mwenye miaka 16 anasema baba wa mtoto hamjui, au anataja jina la mtu asiyekuwepo. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua, ila mtoto wake amekwishaanza maisha na nusu ya nasaba.

Kampeni ya RITA ya kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano ilipofika Mara na Simiyu, ilileta cheti cha bure karibu, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Haikuweza kumfanya mtu ataje jina ambalo lingekuwa ushahidi wa jinai.

Mwandika nasaba si polisi, wala asijifanye hakimu. Jina la kubuni asiliandike, kwa kuwa baada ya vizazi viwili watu watalitambikia. Na jina la kweli la mtu mzima aliyemharibia mtoto wa shule masomo, kama ukoo umelijua na umelikalia, linatakiwa kwa ofisa ustawi kabla ya kutakiwa kwenye mti. Katika daftari nafasi ya baba iachwe wazi, jina la mama liandikwe kamili pamoja na la waliomlea mtoto, na pembeni iandikwe kwamba nafasi imeachwa kwa kujua, si kwa kusahau. Tena itajwe ni mzee gani wa kuulizwa mtoto atakapofika umri wa kuuliza.